Naomba Kukaa Hapa

...na tena anatabasamu, haya, Sosaia anatabasamu, mumewe Lupe kwa miaka kumi na minne sasa, amesimama mbele ya darasa zima la Kiingereza katika ukumbi wa kanisa huku ugenini Shepparton, kofia kifuani utadhani yuko mbele ya mfalme wa Tonga, anamwuliza Kalolaine kwa Kiingereza kama anaweza kukaa karibu naye, na Kalolaine, mjane huyo mwenye shingo ndefu, anajibu, "Karibu, ukae"... zoezi tu, amesema Mwalimu Beverley, mmoja aombe ruhusa, mwenzake aitoe, chagueni neno linalofaa, "may" ni la kuomba, "must" ni la lazima... zoezi tu, lakini mbona sauti imelainika hivyo, na hata alipopita mbele ya watu alijiinamisha, tulou, tulou, nipisheni jamani, yeye ambaye nyumbani huiruka miguu ya Lupe kama gogo... "Vizuri! Sasa omba maji," anasema mwalimu, na mzee Hakeai anapaza sauti toka nyuma, "Shemeji Lupe, angalia, utanyang'anywa bwana mchana kweupe!" watu wanaangua kicheko, Lupe naye anacheka huku roho inamuungua, penseli juu ya swali la nne kwenye karatasi ya zoezi, "may" au "must", moyoni ananoa sentensi yake, aliyoianza asubuhi alipoweka mkoba kwenye kiti cha pembeni ili Sosaia akose pa kukaa... tukifika nyumbani nitamwambia, lazima uache darasa hili, lazima, basi... nyumbani kwao ni lazima tu, Sosaia ni lete shati, funga mlango, lū yangu ya majani ya magimbi iko wapi, nimeshinda nikichuma mapeasi ya watu tangu alfajiri... "Naweza kupata maji, tafadhali?" anasema Sosaia, na wivu unampanda Lupe, kumbe si Kalolaine anayemwonea wivu, Kalolaine ana nini, ana shingo tu, ni hilo ombi, laiti angeombwa yeye, hata chumvi... na yeye Lupe je, lini alimwomba Sosaia? toa taka, wafuate watoto, usichelewe, hata siku ile mama yake Lupe alipozikwa Vava'u, kisiwani kwao, nao wako huku mbali, alitaka kusema nishike mkono, akasema kafunge geti, kuku watatoka, na Sosaia akaenda, akafunga, akabaki nje muda mrefu, pengine naye alikuwa anangoja kuitwa... amri ni rahisi, amri haingoji jibu, lakini ukimwomba mtu umempa nafasi ya kusema hapana, na Sosaia akisema hapana?... Lupe anaijaribu sentensi nyingine kimoyomoyo, kwa Kitonga kwanza, halafu kwa Kiingereza, naomba kukaa nawe, anaogopa, mke mzima anamwogopa mumewe mwenyewe... "Mara ya mwisho!" anasema mwalimu, na pale mbele Sosaia bado amesimama, kofia kifuani, anaomba, na Lupe anautoa mkoba kwenye kiti, anaupakata, swali la nne bado tupu.