Kadi Iliyoishia Njiani

Bweni la tatu lilikuwa na desturi yake: msomaji wa zamu alichagua ujumbe kutoka kwa manabii, akauandika kwenye kadi na kuitundika mlangoni kwa matroni. Jumamosi ile zamu ilimwangukia Askofu, kijana wa kidato cha pili, aliyepewa jina hilo kwa kutembea polepole, mikono nyuma, hasa akiwa na kosa.

Askofu alikuwa na msiba. Watu wasiojulikana walikuwa wamekula biskuti zake zote, wakamwachia makaratasi ya kufungia tu. Akapekua manabii kama wakili anayetafuta kifungu, kisha akaandika kwa wino mwekundu kwamba watu wamekataa kumrudia Mungu, basi upanga unakuja. Akaitundika, akarudi hatua mbili nyuma, akaridhika.

Waliokula biskuti walipita wakicheka. Aliyesimama kuisoma ni matroni.

Alasiri alimwita Askofu amshikie ngazi, akapanda kuondoa picha ya mwanawe ukutani. Bila kugeuka akaeleza kwamba kijana huyo aliuza cherehani ya mama yake kwa siri miaka miwili iliyopita, akatokomea. Wiki hii kapiga simu, anaomba kuja nyumbani kesho. Siku tatu matroni hakujua amjibu nini. Leo kadi imemmalizia kazi.

"Hata Mungu hufika mahali akamchoka mtu," alisema. "Sembuse mimi."

Askofu, bingwa wa visingizio, hakutafuta hata kimoja. Alijua kalamu yake iliishia wapi: pale pale kisasi cha biskuti kiliporidhika. Na kukiri kulimaanisha adhabu ya kufyeka nyasi.

"Matroni, shuka kwanza. Ile kadi ni nusu."

Alikwenda mbio, mikono mbele, akarudi na Biblia. Akakiri habari ya biskuti, kisha akamwonyesha. Mistari michache tu juu na chini ya hapo, Mungu yule yule wa upanga alikuwa akisema kama mzazi: ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kutembea, akamshika mikono; sasa amwacheje? Askofu akaongeza alichosikia ibadani kwa mchungaji wa shule, siku ile yeye Askofu alipokuwa akifunga kamba za viatu vya jirani yake kwenye mguu wa benchi: manabii walinguruma ili watu warudi, na watu walipochelewa, Mungu aliwafuata mwenyewe, katika Yesu.

Matroni alikaa juu ya rundo la mashuka, picha mapajani.

"Huyu alichelewa kutembea," alisema. "Mpaka mgongo wangu ukapinda kwa kumshika."

Akabonyeza simu, ikaita, akampa Askofu. "Msomee wewe. Mimi sauti haitatoka."

Askofu akasoma, safari hii mpaka mwisho. Upande wa pili sauti ya kiume ikauliza kama mama yupo hapo.

"Yupo, kaka. Kakalia mashuka yetu."

"Anasemaje?"

Askofu akamtazama matroni, ambaye alikuwa akifuta kioo cha picha kwa ncha ya kitenge.

"Anasema uje na cherehani."

Matroni akamchapa kofi la mgongoni, kofi lisilo na uzito wowote, akampokonya simu.

"Usimsikilize huyo, mwanangu. Njoo hivyo hivyo."

Askofu akachukua picha, akapanda ngazi. Jumatatu alifyeka nyasi.