Kiti cha Tsofa

Siku Mbodze alipokwenda kupigiwa ramli, hakwenda kwa ajili ya mumewe. Alikwenda kwa ajili ya tumbo lake, lililokuwa kimya mwaka wa tisa tangu aolewe. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Juni, mwaka wa 1996. Alipomaliza kupika chakula cha mchana katika shule moja ya Tononoka, alivua aproni, akajitanda leso, akashika njia ya Mji wa Kale. Huko Kibokoni aliulizauliza vichochoroni mpaka akaonyeshwa nyumba ya Mwanakuu, mwanamke wa makamo aliyeuza asumini na vikuba, vishada vya maua ya kunukia, barazani na kupigia watu ramli sebuleni.

"Shikamoo, Bi Mwanakuu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Mwanakuu alitandaza mchanga kwenye sinia, akauchora kwa kidole, akaufuta, akauchora tena. Aliufuta na kuuchora hata mgeni wake akaanza kuona haya.

"La mtoto silioni," alisema mwishowe. "Nisikudanganye nikala chako bure. Lakini mumeo namuona. Ana mwendani wake, mkubwa wake, wala si ndugu wa tumbo moja. Kiti akikaliacho huyo mwendani, mumeo atakikalia. Mwaka hauishi."

Damu ilimpanda Mbodze usoni. "Hakika?"

"Namuona yuwakaa. Ila sikiliza vyema, na umfikishie kama ninavyokwambia. Kiti chaja chenyewe. Asikifuate. Akikifuata, kitamwangamiza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakuhitaji kuuliza mwendani huyo ni nani. Gunga, mumewe, alikuwa mkaguzi wa slingi, zile kamba za waya zinazofungiwa mizigo ili kreni iinyanyue kutoka melini, katika kampuni moja ya kupakua mizigo Kilindini. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi hapo kazini alikuwa Tsofa. Gunga alipofika mjini kutoka Kaloleni na mfuko mmoja wa nguo, Tsofa ndiye aliyemlaza sebuleni kwake miaka miwili, akamtafutia kazi, akamsimamia arusi. Wote walimjua Gunga kama mtu wa Tsofa. Mikutanoni yeye ndiye aliyembebea mkoba.

Na Mbodze alikuwa mtu wa Naomi, mke wa Tsofa. Kila palipokuwa na shughuli nyumbani kwa mwenyekiti pale Tononoka, Naomi alikaa na wake za wakubwa sebuleni, na Mbodze alikuwa uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Naomi hakumdharau hata siku moja. Alimwita mdogo wangu, akamfungia wali wa kupeleka nyumbani. Wali ule ndio uliomkaa Mbodze kooni miaka yote.

Basi njiani kurudi nyumbani Buxton alikuwa akiyarudiarudia maneno ya Mwanakuu, na kila alipoyarudia aliyaishia kwenye kiti. Gunga aliporudi kutoka kazini alimwambia: "Nimeambiwa utakalia kiti cha Tsofa, na mwaka hauishi." Akaishia hapo.

Gunga alicheka. "Mama wa watu anauza maua, atajua nini habari za chama?"

"Hakukujua jina, hakumjua Tsofa. Ameyatoa wapi?"

Gunga aliacha kucheka. Kwa wiki kadhaa hakulitaja neno hilo, lakini mkewe aliliona likifanya kazi ndani yake. Alianza kukosoa hotuba za Tsofa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Mwezi wa Julai habari zikaenea bandarini kwamba uchaguzi ni mwezi wa Novemba na Tsofa atasimama tena.

"Akisimama, hakuna wa kumwangusha," Gunga alisema jioni moja. Mbodze alikuwa akigeuza chapati. "Mimi mwenyewe nitampigia kura. Sasa hicho kiti nitakikaliaje kabla ya mwaka kwisha? Labda afe."

Chapati iliungua upande mmoja. Mbodze aliitoa, akaweka nyingine.

"Mimi sikusema," alisema.

"Wala mimi sikusema."

Lakini lilikuwa limeshasemwa, na hakuna aliyelifuta. Siku ya tatu yake Gunga alimweleza mkewe yote, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi. Slingi iliyochakaa hupakwa rangi nyekundu, ikatwe isitumike tena. Alikuwa nayo moja ambayo hakuikata. Hiyo aliikwangua rangi kwa kisu. Jumatano Tsofa angeshuka ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli, kusikiliza malalamiko ya wapakuzi juu ya vumbi, na saa hiyo mabomba ya chuma yangekuwa yakipita juu yake.

"Wengine je, walio ngamani?" Mbodze aliuliza.

"Nitawaita kando."

Mbodze alikuwa na nafasi ya kumwambia acha. Alikuwa pia na yale maneno mengine ya Mwanakuu, nusu nzima aliyoificha. Aliinuka akampigia pasi shati la Jumatano.

Asubuhi hiyo Tsofa mwenyewe alipita Buxton kumchukua Gunga waende pamoja, kama alivyozoea. Alikula mahamri matatu na mbaazi, akajifuta mikono, akamtazama Mbodze kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Shemeji, Jumapili mje kwangu mle. Wewe usiingie jikoni, nimeshamwambia Naomi. Nina neno nataka niwaambie ninyi wawili, watu wangu."

Alitangulia kushuka ngazi. Gunga alibaki mlangoni, uso umemsawijika.

"Mbodze, siwezi. Mtu amekula kwangu sasa hivi."

"Basi usiweze," alimjibu kwa kunong'ona. "Mfuate, umbebee mkoba. Umbebee mpaka uzeeke, nami nikune nazi mpaka vidole viishe. Ulizaliwa kwa hilo."

Alimwona anafumba macho, anayafumbua, anashuka. Mkoba wa Tsofa ulikuwa mkononi mwake.

Habari zilifika jikoni shuleni kabla ya saa sita. Waya umekatika Kilindini, mwenyekiti amefia palepale, wengine wamenusurika kwa kuwa mkaguzi alikuwa amewaita kando awaonye juu ya kofia za usalama. Wenzake walipiga yowe. Mbodze naye alipiga, na alishangaa jinsi lilivyomtoka kwa urahisi.

Walimzika Tsofa kwao Rabai. Gunga alishika jeneza upande wa kichwa, akalia kweli, machozi na kamasi. Mbodze alikaa siku zote za matanga, akachota maji, akapika, akamlaza Naomi mapajani. Siku ya nne Naomi alimwita chumbani akamkabidhi bahasha.

"Mdogo wangu, mpelekee mumeo. Marehemu aliiandika mwezi wa saba. Alikuwa amechoka, alitaka arudi huku alime minazi yake. Hata hao waliosema atasimama tena, aliwaacha waseme. Angewaambia ninyi Jumapili."

Bahasha haikuwa imefungwa. Tsofa aliwaandikia wanachama kwamba hatasimama Novemba, anaachia kiti, na anawaomba wampe Gunga, *kijana niliyemlea na ambaye moyo wake naujua*. Mbodze alitoka nyuma ya jiko akasugua upya sufuria zilizokwisha kuoshwa. Wanawake walisema ni uchungu wa msiba.

Waliporudi Buxton alimpa mumewe barua. Gunga aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa.

"Yule mwanamke wa Kibokoni," alisema taratibu. "Alisema nini hasa? Maneno yote."

Mbodze alimwambia maneno yote. Kwamba kiti chaja chenyewe. Kwamba asikifuate.

Alingoja kofi, na angelipokea. Gunga aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Ungeniambia," alisema.

"Na wewe ungeacha?"

Gunga aliitia barua mfukoni. Mwezi wa Septemba, bila kungoja uchaguzi wa Novemba, barua ilisomwa mbele ya wanachama wote, watu wakalia, wakamchagua kwa kunyoosha mikono, hakuna mkono uliobaki chini. Mkutano mzima ulisimama ukampigia makofi. Mbodze alikuwa kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya, na watu wakamwita mama mwenyekiti. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama kile, na alikaa nacho kama mtu aliyevishwa nguo za maiti.

Ikabaki kesi. Kampuni ilitaka mtu wa kubeba lawama, na dereva wa kreni siku ile alikuwa Mutunga, Mkamba mpole ambaye hakuwa na maneno mengi. Gunga aliulizwa na wachunguzi kuhusu slingi, akasema ilikuwa nzima. Akaulizwa basi nini kiliikata, akasema mzigo ulivutwa kwa ghafla, na kwamba asubuhi ile Mutunga alikuwa akinuka pombe. Mutunga aliwekwa ndani.

"Alinuka pombe?" Mbodze alimwuliza.

"Lazima mmoja wetu alinuka kitu," Gunga alijibu. Siku hizo alikuwa akimwongelesha hivyo, bila kumtazama. Aliamkia ofisini akarudi kulala, na alilala vizuri, jambo lililomtisha mkewe kuliko kama angeota ndoto mbaya.

Mwezi wa Novemba, alasiri, hodi ilipigwa. Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba na mtoto mgongoni. Alijitaja kuwa Mutanu, mke wa Mutunga. Alikuja kwa mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti ndiye mtetezi wa wafanyakazi.

"Mwenyekiti hayupo. Karibu ndani."

Mutanu alikaa ukingoni mwa kochi. "Mama, mume wangu hajaonja pombe tangu nimjue. Kanisani kwetu ni dhambi. Najua mwenyekiti alikosea tu, siku ile watu walichanganyikiwa. Ukimwambia wewe atakumbuka vizuri. Mke ndiye anayesikilizwa."

Mbodze alimwandalia chai. Mtoto alizinyoshea mikono bangili za Mbodze, akazichezea. Mutanu alikunywa chai yote, akashukuru, akamwombea baraka mwenye nyumba, akaondoka.

Kesho yake Mbodze hakwenda kazini. Alikwenda kwa Naomi. Alimkuta anafunga vyombo, anahamia Rabai, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi na mwenye kazi hayupo. Mbodze alikataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama katikati ya maboksi: ramli, chapati, slingi, shati, mahamri, mkoba. Hakujisaza.

Naomi aliendelea kushika sahani aliyokuwa akiifunga gazeti.

"Mahamri yale alikula kwako?"

"Matatu."

"Na nyote wawili mlijua."

"Tulijua."

"Ukaja ukanilaza mapajani." Naomi aliiweka sahani chini polepole. Alichukua leso yake, akajitanda, akafungua mlango. "Tangulia. Sitaki kutembea nawe sambamba."

Wakaenda hivyo mpaka kituo cha polisi, juani, Mbodze mbele, Naomi hatua kumi nyuma. Watu waliowajua waliwasalimu njiani. Naomi aliitikia. Mbodze hakuitikia.

Gunga alikamatwa siku hiyohiyo, mezani kwake. Kipande cha slingi kilikuwa bado kimehifadhiwa, na wataalamu walipokiangalia waliikuta rangi nyekundu ndani ya nyuzi, mahali kisu kisipofika. Alipoonyeshwa alikiri, na alikiri kwa hasira, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Hakumtaja mkewe. Mbodze alijitaja mwenyewe, akafungwa miaka mitatu. Mutunga aliachiwa, lakini kazi hakurudishiwa, na wakahama yeye na Mutanu kwenda kwao. Gunga alihukumiwa kifo, na kama wengi wa wakati ule hakunyongwa, akabaki gerezani Shimo la Tewa.

Mbodze alipotoka, nyumbani Buxton alikuta wapangaji wengine. Alipanga chumba karibu na Mwembe Tayari, akawa akipikia wasafiri wa mabasi ya bara. Ilimchukua mwezi mzima kupata ujasiri wa kwenda Shimo la Tewa. Gunga alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, macho yaleyale.

Mbodze alikuwa amejiandaa kwa matusi, au kwa kilio, au kwa swali moja tu, kwa nini. Gunga alisogea karibu na wavu.

"Kule chamani," alisema. "Wamemweka nani?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Gunga alitikisa kichwa kwa kumsikitikia, kama anavyosikitikiwa mtu asiyejua la maana. "Ukija tena, uliza," alimwambia. "Na uangalie kama anaweza."

Askari alisema muda umekwisha. Mbodze alimwachia sabuni na sukari aliyoruhusiwa kuleta, akatoka getini, akavuka barabara kungoja gari la kurudi mjini. Hakuuliza, na hakurudi.