Kilo Tatu kwenye Soli

Fundi viatu alikwenda peku kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili zimekataa kuingia. Akapanda juu ya mizani, akashika ukuta.

"Haya, babu! Leo tena umekuja kujiuza?"

"Nani anunue kutu? Hebu soma, mwanangu."

"Sitini na nane."

Juzi ilikuwa sitini na tano. Fundi akaandika ya leo kwa chaki kwenye soli ya kiatu aliyokuja nayo, chini ya namba za wiki nzima. Video ya kliniki ilisema waziwazi: mgonjwa wa moyo ajipime kila asubuhi, na uzito ukiruka kilo mbili kwa siku mbili, hayo ni maji, asingoje, aje. Nyumbani hakuwa na mizani. Basi alijitafutia.

Alikwenda kliniki na binti yake, wakipumzika kila baada ya nyumba tatu. Muuguzi akaipokea soli kwa ncha za vidole.

"Nini tena hii, mzee?"

"Uzito wangu. Kilo tatu, siku mbili. Video imesema nije."

"Kadi yako iko wapi?"

"Si mlisema kadi zimekwisha?"

"Sasa mimi nitie soli kwenye faili?"

"Dada yangu," binti akaingilia, "baba halali. Anakesha ameketi, anahema tu. Mpe zile tembe za kutoa maji, twende zetu."

"Hazijaletwa tangu mwezi jana."

"Na daktari?"

"Yuko semina. Kliniki yetu imeongoza kwa kufundisha wagonjwa, ameitwa akaeleze wenzake." Akavuta kiti. "Keti, mzee. Video inaanza."

"Nimeiona mara nne, mama. Naweza kukusimulia."

"Leo natakiwa kufikisha watu ishirini. Wewe ndiye wa ishirini."

Akaketi. Kwenye skrini, bwana mmoja mwenye shati lililonyooka kwa pasi alipanda mizani nyeupe, akatikisa kichwa, akafungua kabati, akatoa tembe. Fundi aliifuata kwa macho hadi ikamezwa. Kifua chake kikaanza kukoroma kama mvukuto uliotoboka.

"Jamani, hatusikii!" mgonjwa wa nyuma akalalamika.

Muuguzi akachukua kidole gumba cha fundi, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza kwenye daftari, mbele ya neno "Ameelewa". Kisha akaongeza sauti ya video.