Ukuta wa Chokaa na Mgongo wa Clifford

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na kama kuna chembe ya uongo humu, basi bia yangu iwe vuguvugu hadi siku ya kuzikwa kwangu. Nilitunza stoo ya karakana ya waashi katika chuo cha ufundi cha Skelderby mpaka magoti yaliponistaafisha. Niliyaona yote kwa macho yangu, isipokuwa pale nilipoyafumba.

Clifford Brewin hakuwa mtu wa woga. Alipokuwa mwashi alijenga juu ya mnara wa kanisa upepo ukivuma, akaketi kwenye ubao mwembamba miguu ikining'inia, akala mkate wake wa jibini bila hata kushika kitu. Lakini asubuhi ile ya Februari alikuwa amekaa mezani kwake, ardhini kabisa, mbele ya yai la kuchemsha, akiligongagonga kwa kijiko bila kulipasua.

"Kula," mkewe Lynette alimwambia.

"Haliteremki."

"Hujalitia mdomoni, utajuaje haliteremki?"

"Lyn, yule mama akikaa pale nyuma na kalamu yake, mimi nimekwisha."

"Ni mama mmoja tu mwenye kalamu, Cliff."

"Hujaona anavyoishika."

Lynette hakucheka. Alijua kilichokuwa kikimtafuna mumewe. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, daktari alimkataza kupanda tena jukwaa la ujenzi, na chuo ndicho kilichompokea. Chuo kama chetu humchukua fundi mzee, humkabidhi darasa siku ileile anayoingia, kisha humfundisha ualimu huku tayari anafundisha, kama mtu anayejifunza kuogelea katikati ya mto. Na kila baada ya muda huja mkaguzi, akae nyuma, atazame. Mara tatu. Kwetu mkaguzi alikuwa Bi Lomax, mama mwembamba mwenye koti zuri la rangi ya krimu, asiyekohoa wala kujikuna.

Mara ya kwanza Clifford alifundisha somo zima akiwa ameupa ubao uso na wanafunzi kisogo. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya panya aliyebanwa na mlango. Akafeli.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa alijiona anafanya vizuri. Wanafunzi walikuwa wazito, matofali yanapinda, na kwa mwashi wa kweli tofali lililopinda ni kama jiwe ndani ya kiatu. Akachukua mwiko mkononi mwa msichana mmoja, Shelby Rudkin. "Nikuonyeshe kidogo tu." Akaweka tofali moja, la pili, na mkono ukanogewa. Somo lilipoisha Clifford alikuwa ameumaliza ukuta wote peke yake, umenyooka kama uzi, na wanafunzi wamekaa juu ya ndoo walizozipindua wakila krispi.

"Ukuta mzuri sana, Clifford," Bi Lomax alimwambia. "Ila sikuja kukutazama wewe ukijenga."

Akafeli tena. Siku hii ya yai ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Akishindwa, atarudisha funguo za karakana na kwenda nyumbani na mgongo wake.

Basi njia nzima ya kwenda chuoni, akivuka daraja lenye barafu, alijiambia jambo moja tu: usiguse mwiko. Chochote kitakachotokea, usiguse mwiko. Alipofika mlangoni pa stoo yangu uso wake ulikuwa mweupe kuliko chokaa.

"Umekunywa chai?" nilimuuliza.

"Nimejaribu."

"Matofali yalilala uani, Cliff. Yamenyeshewa usiku kucha."

"Sawa, sawa," akajibu, na nikaona hakunisikia. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti tupu cha nyuma.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo fundi mzuri tu ndiye angelifanya. Karakana ya chuo haitumii saruji. Tunachanganya chokaa na mchanga basi, ili kila Ijumaa kuta zibomolewe, matofali yakwanguliwe, na Jumatatu watoto wengine wajenge nayo. Udongo ule hauwi mgumu. Asubuhi ni uji, jioni ni uji uliopoa. Na tofali lililolowa halinyonyi maji, linateleza juu ya uji huo kama sabuni bafuni. Ndiyo maana tuna kanuni: ukuta usipite kifua. Lakini Clifford maisha yake yote alijenga kwa saruji, ukuta wa asubuhi ukaegemewa mchana. Kanuni aliijua. Siku ile hofu ilikuwa imemfuta kichwa, ikamwachia sentensi moja tu, ile ya mwiko.

Wanafunzi wakaingia wakisukumana. Kwetu chuoni hawasemi "mwalimu". Wanakuita jina lako kama mnacheza pamoja mpira.

"Cliff, yule mama ni askari?" Shelby aliuliza, na Bi Lomax akiwa palepale anasikia.

"Ni mgeni. Fanya kazi."

"Mbona unatoka jasho na humu ndani ni friza?"

"Shelby. Tafadhali."

"Haya baba, usilie."

Wakaanza kujenga. Clifford akafunga mikono nyuma ya mgongo, vidole vikiwa vimekabana. Alipita ukuta hadi ukuta. Aliona tofali limepinda, vidole vikacheza, akavikaza. Alimwona kijana anaitwa Kieran anapaka udongo kama anapaka siagi, akauma ulimi. Nyuma, ile kalamu ilikuwa ikiandika, kwaru, kwaru, na kila mkwaruzo ulimpita Clifford kwenye uti wa mgongo. Anaandika nini? Hakuna kilichotokea bado, anaandika nini?

Shelby ndiye aliyekuwa mwepesi siku hiyo. Alikuwa na hasira ya kunyang'anywa mwiko mara ile, akataka kuonyesha. Ukuta wake ukafika kiunoni, ukafika kifuani, akapanda juu ya benchi akaendelea. Clifford alimwona. Alijisikia furaha ya kwanza tangu alfajiri: hatimaye mmoja anajenga, na Bi Lomax anatazama. Hakumzuia. Ukuta ukampita Clifford kichwa, ukampita na kofia, ukakaribia taa za darini.

Kisha Shelby akashuka, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa chini kabisa kukwangua viungo vya kozi za mwanzo, zile safu za matofali za chini.

Clifford alisikia kabla hajaona. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayelamba midomo. Ni udongo uliokuwa ukitoka katikati ya matofali. Akainua macho. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, na juu ulikuwa unainama, polepole, kwa adabu, kuelekea upande aliochuchumaa yule binti.

Sauti ya Clifford ikagoma. Alifungua mdomo, pakatoka hewa tu, kama siku ile ya ubao. Hakufikiri kitu. Alijikuta amezunguka, ameruka mbele ya Shelby, na mgongo wake, ule mgongo mbovu, umekutana na ukuta. Akatanua mikono, akabana visigino sakafuni.

Ukuta ukasimama. Ukapumua, ukatulia juu yake.

"Cliff, unanikanyaga!" Shelby alipiga kelele.

"Toka," akasema. Ilitoka kama mnong'ono. "Tambaa. Usiguse tofali hata moja."

Shelby alitazama juu. Utani ukamkauka usoni. Akatambaa kati ya miguu yake hadi nje, akabaki amesimama, mikono mdomoni.

"Utaanguka, Cliff. Utakuangukia."

"Utaniangukia nikiondoka. Kwa hiyo siondoki." Udongo baridi ulikuwa ukimchirizika shingoni. Maumivu yalipanda kiunoni mpaka akaona nyota. "Panda benchi, upande ule mwingine. Utautoa kutoka juu."

"Siwezi. Nitausukuma."

"Utautoa."

"Mwite mtu mwingine! Kieran ana nguvu!"

"Kieran atautoa kama anavyopaka siagi. Ukuta huu ni wako, unaujua. Panda."

Akapanda. Clifford alisikia benchi likilia. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imetanuliwa ukutani. Hata angetaka kunyakua kitu, asingeweza. Kilichobaki kwake kilikuwa mdomo tu.

"La juu kabisa, katikati au pembeni?" Shelby aliuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Cliff, si wakati wa maswali!"

"Ukitoa la pembeni, uzito unakwenda wapi?"

Tofali moja likateleza mahali fulani juu ya sikio la Clifford. Alifumba macho, akamwona Lynette na lile yai.

"Unakwenda katikati," Shelby akasema. "Kwenye tumbo. Halafu linapasuka."

"Kwa hiyo?"

"Naanza katikati. Halafu huku na huku, sawa kwa sawa."

"Usilivute. Lizungushe kidogo, liachie, ndiyo uliinue."

Akalizungusha. Likatoka. Akampa Kieran, Kieran akampa mwingine, tofali likipita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Kozi moja ikaisha. Nyingine. Kila mara mzigo ulipopungua, Clifford aliogopa zaidi, maana sasa kulikuwa na tumaini la kupoteza. Na nyuma kule, nawaambia ukweli, Bi Lomax hakunyanyuka kitini. Aliendelea kuandika, kwaru, kwaru, uso hauna hata kunyanzi. Mambo hayo yalikwenda hivyo hadi taa za barabarani zikawaka nje.

Ukuta ulipofika kiunoni Clifford alijitoa, akapiga magoti, akatapika chai ile aliyojaribu kuinywa. Shelby akashuka, akaketi kando yake, wote wawili weupe kwa chokaa.

"Hukugusa mwiko," akamwambia.

Bi Lomax akaja, akasimama mbele yao.

"Umewaacha wapite kifua," alisema. "Kanuni iko mlangoni. Nitaliandika hilo, na utaitwa kulijibu."

"Ndiyo, mama."

"Angeweza kufa."

"Najua." Clifford hakuweza kumtazama. Zile funguo mfukoni zilikuwa nzito kama nanga, na mkono wake ulikuwa tayari unazitafuta azikabidhi.

"Na nitaandika kwamba nimemwona binti akifundishwa," Bi Lomax akaendelea. "Rudisha mkono wako. Umefaulu. Kesho upake mstari mwekundu kwenye kuta zote za karakana, mahali pa kifua, nami nitakuja kuuona."

Mstari ule upo hadi leo.

Hapa ndipo nilipoweka nukta, Jumapili iliyopita, nikaisomea meza yetu kule klabuni. Tuna sheria pale: anayenaswa ametia chumvi ananunulia meza nzima bia. Wazee wakapiga meza kwa furaha, na mimi nikaanza kuvaa kofia. Sikuwa nimetazama nani amekaa nyuma yangu.

"Karibu na taa za darini?" sauti iliuliza. Ilikuwa ya Shelby Rudkin, ambaye siku hizi ndiye mwalimu wa karakana ileile. "Babu, ukuta ulinifika kidevuni."

"Wewe ulikuwa mfupi wakati ule."

"Na taa za barabarani! Tulikuwa kantini kabla chipsi hazijaisha."

"Saa yangu ilikuwa mbovu."

"Hayo nakusamehe. Lakini Bi Lomax?" Alisogea, akainama mezani. "Ile kalamu aliitupa. Alikuja mbio na koti lake la krimu, akaweka viganja vyote viwili ukutani kando ya Cliff, akausukuma mpaka mwisho. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Umemkalisha kitini kwa nini?"

Nilimtazama, nikatazama karatasi zangu, nikawatazama wazee, ambao tayari walikuwa wanasukuma bilauri tupu upande wangu.

"Inatisha zaidi akikaa," nikasema.

"Mimi ya kwangu kubwa," Shelby akajibu, akavuta kiti.

Nikavua kofia, nikaenda kaunta kununua.