Kidole cha Binti Yangu

Karani aliita jina la marehemu mume wangu, na binti yangu akasimama.

Hakusita hata kidogo. Alijipangusa kidole gumba kwenye sketi, akapita katikati ya wakulima waliokuja kuchukua ruzuku ya mbolea, akakibonyeza kwenye kimashine. Taa ya kijani ikawaka. Jirani yangu kwenye benchi alinitazama, kisha akageukia dirisha. Alikuwepo siku tuliyomzika mume wangu.

Tulimzika Jumanne, misimu kadhaa kabla ya hapo. Usajili wa ruzuku ulikuwa unafungwa Ijumaa, na shamba lilikuwa kwa jina lake. Ili niandikwe mimi ilitakiwa barua ya mirathi, barua ilitaka sahihi za shemeji zangu, na shemeji zangu walishaanza kulipima shamba kwa macho. Karani alikuwa mtu wa utani, akanionea huruma.

"Mama, tumwache mzee hai msimu mmoja tu. Weka kidole chako."

Niliweka. Mashine ikakataa. Nikajaribu vyote kumi. Jembe lilikuwa limevisaga, vimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki.

"Wewe huna vidole, mama, una vijiti," akasema. Macho yake yakamwangukia binti yangu aliyenishikia mkoba. "Basi huyu. Mashine haiulizi ndevu."

Tulicheka wote watatu. Kicheko kile bado nakisikia.

Msimu mmoja ukazaa mwingine, hadi ikafika miaka sita. Simu ya marehemu niliichaji kama ninayemlisha mgonjwa. Ikilia, nasoma kwa sauti: "Ndugu mkulima, ruzuku yako imeidhinishwa." Binti yangu anaitikia kutoka jikoni kwa sauti nzito, ya baba yake kabisa: "Ahsante, mama watoto." Mwanzoni nilicheka hadi nikashika mbavu. Siku moja nikamwambia aache.

"Niache nini, mama?" akaniuliza. Hakuwa anatania.

Mwaka jana alipatana na mtu bei ya kipande cha shamba kando ya mto, kwa jasho lake mwenyewe. Akaenda kujiandikisha ili apate hati. Akaweka kidole. Likatokea jina la baba yake.

Hapo nikaogopa. Bila kumuuliza mtu nikachukua cheti cha kifo, nilichokificha chini ya godoro muda wote ule, nikakipeleka ofisini. Nilidhani namfungulia mwanangu mlango. Yule karani wa utani alishahamishwa. Aliyekuwepo hakuinua hata uso. Alibonyeza mara tatu nne.

"Tayari, mama. Pole kwa msiba."

Jumatatu tulirudi pamoja. Binti yangu akaweka kidole. Taa nyekundu.

"Mwenye kidole hiki amefariki," karani akasema.

"Mimi hapa, kaka! Si unaniona?"

"Nakuona, dada. Lakini siwezi kumwandikia hati marehemu."

Tangu siku ile tumeandika barua, tumepeleka mashahidi, tumekalia benchi lile hadi tunajua msumari gani unachoma. Mwenye kipande amesema mvua zikianza kabla ya hati, atampa mtu mwingine. Jana mawingu yalikuwa mazito upande wa mto.

Mama mwenzangu, ukiambiwa ni msimu mmoja tu, mshike mwanao mkono mwondoke. Lima bila mbolea. Vuna kidogo. Mimi nilivuna vizuri miaka sita, magunia yakafika darini, na sikuona nilichokuwa nakitoa.

Leo asubuhi alikuwa uani anafua. Nikamwita kwa jina lake, lile nililompa mwenyewe akiwa hajafungua macho. Nikamwita tena, kwa nguvu. Aliendelea kukamua shuka, mgongo kwangu, maji yakimchuruzika viwikoni.

Jina lingine lilinijia mdomoni. Nikalimeza, nikashuka ngazi, nikaenda kumgusa bega.