Nukta Nyekundu Bondeni

Letisia alikuwa fundi cherehani siku sita za wiki, na siku ya saba alikuwa mpiga picha. Hakuwa na studio wala mteja. Alikuwa na simu moja yenye kamera nzuri, aliyoinunua kwa kujinyima, na miguu isiyochoka. Misa ikiisha tu pale Gitega, yeye huyo, kashika njia ya mabondeni, kupiga picha vitu ambavyo wenzake walivipita bila kugeuza shingo: umande, mikono ya wafinyanzi, mbuzi aliyepanda juu ya ukuta. Alikuwa amezaliwa kambini Tanzania na kukulia huko, na amani iliporudi, naye akarudi. Mtu aliyesimuliwa nchi yake kwa mdomo tu miaka yote hiyo, akifika, hutaka kuikagua kipande kwa kipande.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa Baguma, Mkongo wa Kivu ya Kusini, mwenye kibanda cha vifaa vya simu na kuchapa picha karibu na soko. Kila Jumamosi jioni Letisia akifunga kazi alipitia pale, na ubishi ukaanza. Ulikuwa ubishi uleule mwaka mzima: picha ziwekwe wapi mtandaoni?

Letisia alikuwa mtu wa Dirisha. Huko picha inakaa kwa ukubwa wake, haibanwi mpaka ikafifia, na wanaoitazama ni wapiga picha. Mmoja atakuambia mwanga umezidi, mwingine kwamba ungesogea kidogo kushoto. Ni wachache, lakini wanajua wanachosema. Tena Dirisha halikuulizi ulikuwa wapi. Baguma yeye alikuwa mtu wa Ramani Hai. Huko kila picha ni nukta nyekundu juu ya ramani ya dunia. Ukiigusa nukta, picha inafunguka, na simu inakuonyesha njia mpaka pale mpiga picha alipoweka miguu.

"Dada Leti, angalia Ulaya," Baguma alikuwa akisema, kidole kwenye kioo. "Nukta mpaka huoni udongo! Sasa angalia Muyinga. Nukta ine, na mbili ni station ya mafuta. Batu wanafikiri huku hakuna kintu. Mi nilikimbia vita, nikapata amani hapa, na kwa carte, kwa ramani, fasi hii, mahali hapa, iko blanc, wazi kabisa!"

"Kaka Baguma, si kila mahali panataka wageni."

"Photo yenye haina fasi ni nusu ya photo."

Alisema kwa moyo wote, na hapo ndipo alipokuwa akimgusa Letisia. Kulikuwa na jambo jingine pia, ingawa hakulitaja sana. Ramani Hai ilimpa cheo cha "Mwenyeji" yeyote aliyeongoza kwa picha katika mkoa. Baguma, ambaye kila mwaka alipanga foleni kuonyesha karatasi za ukimbizi, alikuwa tayari Mwenyeji wa Gitega. Wa Muyinga alikuwa kijana mmoja wa Bujumbura, amelingana na Baguma kwa picha ila alitangulia kuziweka. Letisia aliliona hilo likimkera rafiki yake, akacheka. Hakujua kwamba anacheka moto.

Sasa huko Muyinga alikuwako shangazi yake Letisia, Emerensiana. Huyu mama hakukimbia. Alibaki na vita vikampita juu ya kichwa, akililima shamba la kaka yake miaka yote, na Letisia na wazazi wake waliporudi aliwakabidhi bila baraza wala ugomvi. "Mipaka ni ileile," aliwaambia, akaenda kuwapikia maharagwe. Wanaojua mashamba yamegombanisha ndugu wangapi baada ya kurudi watajua huyo ni mtu wa namna gani.

Chini ya shamba hilo kuna bonde la mafunjo. Mwaka wa tatu wa amani, misambi wawili, korongo wale wenye taji la dhahabu kichwani, walirudi kutaga humo. Zamani walikuwa wengi. Ila watu waliiba makinda, wakayakata mabawa na kuyapeleka kupamba nyua za wenye nazo. Emerensiana alilijua hilo, naye akatunga uongo. Alitangaza kilima kizima kwamba mafunjoni kuna nyoka, kifutu mkubwa, tena akajifunga kitambaa mguuni kana kwamba ameumwa, akachechemea wiki mbili nzima, kanisani na sokoni, mpaka kila mtu akamwonea huruma. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga pale. Majani ya kutandaza chini ya kahawa yalipokosekana, aliwaacha majirani wamcheke, akayanunua mbali, na ukanda ule wa mafunjo hakuugusa.

Letisia peke yake alionyeshwa kiota. "Nakuonyesha juu we ni damu yetu," shangazi alimwambia. "Mutu mwingine asijue. Hata Padri."

Siku tatu alfajiri ilimkuta amelala kifudifudi kwenye tope. Siku ya tatu msambi mama alifungua mabawa juu ya makinda yake mawili, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye magoti yake, na Letisia akabonyeza. Aliitazama ile picha akalia. Ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga, na hapo hapo akajua ya nani: ataichapa kubwa, aitie fremu, ampe shangazi.

Mwenye mashine ya kuchapa kubwa alikuwa Baguma tu. Letisia hakuwa mjinga. Baguma mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba simu huandika ndani ya picha, kimya kimya, mahali ilipopigwa.

"Hii si ya Ramani Hai," alimwambia. "Ufute mahali. Mbele ya macho yangu."

Baguma akafuta, akamgeuzia kioo. "Fasi imekwisha. Unaona? Na mi nakuapia, dada, kwa kaburi ya mama yangu."

Kiapo kile kilimlegeza. Alikaa, akanywa chai, na kwa furaha akamsimulia safari nzima: unapita shule, unashuka kushoto kwenye maharagwe, unapofika kwenye mfereji unavua viatu. Karatasi kubwa ilikuwa imeisha, ingeletwa wiki ijayo. Basi akamwachia kadi ya kumbukumbu ya simu yenye picha zake zote, akaenda kulala na roho nyeupe. Iliyofutwa mahali ilikuwa ile nakala ya kuchapwa tu. Ya kwenye kadi ilibaki kama ilivyopigwa.

Siku kumi baadaye alishuka Muyinga na fremu imefungwa kwenye kitenge. Shangazi yake alikuwa na kawaida ya kumkumbatia mpaka chai ikachemka, mashavu kwa mashavu, habari za huyu na za yule. Siku hiyo alimpa mkono tu, akaketi.

"Walikuja Jumanne," alisema. "Watu watatu na gari, na kitenga cha kuku. Hawakuuliza mutu njia. Wanaangalia simu, wanatembea, wanaangalia simu. Kwa mufereji wakavua viatu. Mi nilikimbia nikapiga kelele, kuna nyoka, kuna nyoka! Wakacheka. Wamebeba watoto wote wawili. Ule musambi mama alifuata gari mpaka barabarani, akiwalilia." Akamgeukia Letisia. "Ile simu, nani aliiambia?"

Letisia hakuwahi kuifungua Ramani Hai kwenye simu yake. Alitoka nje, akapanda hadi migombani penye mtandao, akaifungua. Muyinga ilikuwa na nukta tano.

Aliigusa ya tano, na msambi akafungua mabawa. Chini yake paliandikwa: Picha ya Letisia, Gitega. Imewekwa na Baguma, Mwenyeji wa Muyinga. Watu elfu tatu walikuwa wameipenda. Mmoja aliuliza kama gari linafika, naye Baguma amemjibu kwa ukarimu: acha gari shuleni, shuka kushoto kwenye maharagwe, kwa mfereji uvue viatu. Yalikuwa maneno yake Letisia, yale ya kwenye chai, hata viatu havikusahauliwa.

Alimpigia Baguma simu.

"Dada! Umeona? Elfu tatu!"

"Uliniapia."

"Mais... lakini nilifuta kwa ile ya papier, ya kuchapa! Ile ingine nilitaka iwe surprise, nikushangaze. Na sikukuibia, dada. Jina yako niliandika ya kwanza kabisa. Mwizi anaandikaka jina ya mwenye kintu?"

"Uliapa kwa kaburi la mama yako."

Baguma akaanza tena habari ya zile elfu tatu.

"Makinda yameibwa, Baguma." Lile neno "kaka" lilikuwa limekwisha, na halikurudi tena kati yao.

"Pole... mais si mi nimekamata. Mi nilionyesha tu inchi iko muzuri. Ngoja, naondoa photo, sasa hivi."

Aliiondoa kweli. Letisia aliona picha ikitoweka mbele yake. Nukta haikutoweka. Ramani Hai hupaita mahali kwa jina la aliyepapiga picha wa kwanza, na jina likishaingia halimsikilizi mtu. Aliirudia na kuirudia, na kila mara ilikuwa palepale. Angempata Baguma karibu saa ile angemrarua. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba yule bwana hakumchukia hata kidogo. Alimpenda, akamheshimu, akamtaja jina, na kwa cheo cha mtandaoni akamuuza.

Aligeuka akamkuta shangazi amesimama nyuma yake. Emerensiana hakwenda shule, lakini nukta aliiona, na bonde lake alilitambua.

"Hapo imeandikwa nini?"

Angeweza kusema lolote. Angesema ni jina la mto, au la wale wezi. Mama huyu asingejua mpaka kufa kwake.

"Imeandikwa 'Kwa Letisia'."

Shangazi aliitazama ile nukta. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "kilima chote hiki nimekidanganya miaka na miaka. Jirani, Padri, wote. Nimechechemea mpaka mguu ukauma kweli. Wewe peke yako ndiye nilikuambia ukweli."

Kisha akaingia ndani, akatoka na mundu, akashuka bondeni. Letisia alimfuata, akaomba asaidie, na hakuambiwa ndiyo wala hapana, basi akawa anabeba. Kufika jioni ukanda wote wa mafunjo, aliouacha miaka yote kwa ajili ya kiota, ulikuwa umefyekwa na kutandazwa chini ya kahawa. Fremu ilibaki kwenye kitenge chake karibu na mlango, na hakuna aliyeifungua.