Ukurasa wa Shukrani

Jumatatu, Machi 3, 2008, saa tatu asubuhi, umeme ulirudi Kyela mjini, na Athumani, mwenye duka la intaneti karibu na stendi, akafungua tovuti ya nyumba ya wageni ya Muksini. Nyumba hiyo ilikuwa Matema, ufukweni mwa ziwa. Muksini mwenyewe aliuza vitambaa mjini.

Kazi ilikuwa moja: chombo kinachohesabu wanaotembelea tovuti kihesabu pia wanaoomba chumba. Mtu akishajaza fomu na kuituma, alipelekwa kwenye ukurasa wa shukrani. Athumani aliagiza chombo kwamba kila atakayefika ukurasa huo ahesabiwe kuwa ombi moja. Hakuweka sharti kwamba awe amepitia fomu kwanza. Alijaribu mara moja, ombi likahesabiwa, akalifuta kwenye hesabu, akaridhika.

Ukurasa ulikuwa na maneno "Ndaga fijo, asante sana" na picha ya Ambilikile, mwangalizi wa nyumba, amesimama mlangoni akicheka.

Hesabu hiyo ilikuwa na uzito. Uwanja wa Ambilikile ulipakana na nyumba ya wageni, na Muksini aliutaka ajenge vyumba zaidi. Walikubaliana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Zebedayo: maombi ya tovuti yakifika ishirini kabla ya Juni kwisha, Ambilikile atahamia shamba la Muksini kule Ngana. Yasipofika, uwanja hautaombwa tena. Tulinagwe, mke wa Ambilikile, alikuwa na migomba na kakao pale, na hakutaka kuhama. Alikubali kwa sababu hakuamini kama Wazungu ishirini wangeomba kulala Matema.

"Watafuata nini?" alimwuliza Muksini. "Mbu?"

"Mbu wa kwao hawana ziwa, mama."

Hadi katikati ya Aprili maombi yalikuwa matatu.

Siku chache baadaye Ambilikile alikufa kwa malaria. Alizikwa uwanjani kwake, nyuma ya nyumba, walipozikwa wazee wake. Watu walitoka Kasumulu, Tukuyu na ng'ambo ya mto Songwe. Walioshindwa kufika waliona vibaya, kwa maana kwa Wanyakyusa kukosa msiba wa ndugu si jambo la kuelezwa kwa udhuru. Binti yake Lucy, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, alitafuta picha ya baba yake. Hakuna iliyopatikana ila ile ya tovuti. Akawatumia ndugu anwani ya ukurasa kwa simu: "Baba anaonekana hapa." Ndugu wa Dar es Salaam, Lusaka na Blantyre waliingia kwenye maduka ya intaneti, wakamtazama. Wengine walirudi kesho yake wakiwa na wenzao.

Katikati ya Mei, Athumani alimsomea Muksini taarifa: maombi arobaini na moja. Fomu zenyewe zilikuwa zikienda kwa barua pepe kwa Mudathiri, mpwa wa Muksini, Dar es Salaam. Muksini akampigia hapo hapo dukani, sauti imefunguliwa hata Athumani asikie.

"Yako wapi maombi arobaini na moja?"

"Mjomba, mimi ninayo manne."

"Unalala wewe."

"Silali, mjomba. Ni manne."

"Mashine haina mjomba wala haina usingizi. Wewe una vyote viwili."

Athumani alicheka. Alisema huenda barua pepe zilipotea njiani. Zilikuwa na tabia hiyo. Hakukagua.

Zebedayo alipompelekea Tulinagwe habari, mama huyo aliuliza swali moja. "Hao wageni wako wapi? Mimi ndiye ninayetandika vitanda tangu mwenzangu aondoke. Nimetandika viwili."

"Makubaliano yalikuwa maombi, mama, si vitanda."

Muksini aliahidi kwamba kaburi halitaguswa. Kabla ya Mei kwisha Tulinagwe alihamia Ngana. Migomba ilikatwa wiki hiyo hiyo, kisha kakao.

Jumatatu, Juni 9, Athumani alifungua tovuti aongeze vyumba vipya, akatazama wanaoomba wanatokea ukurasa gani. Thelathini na saba walikuwa wameingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua fomu. Wa kwanza aliingia siku ya mazishi. Athumani alimpigia Lucy.

"Ndiyo, ni sisi," Lucy alisema. "Tulikuwa tunalia. Kuna kosa?"

Mchana Athumani alikuwa Matema. Muksini alikuwa akisimamia mafundi, na msingi ulikuwa umeshamwagwa.

"Maombi ya kweli ni manne, mzee. Kosa ni langu. Waliobaki ni wafiwa."

Muksini aliwaashiria mafundi waendelee. "Mwambie Mudathiri nimemsamehe."

"Na mama Tulinagwe?"

"Migomba iliyokatwa nitaisimamishaje, kijana? Mama ana shamba. Kaburi lipo, sijaligusa."

Kesho yake Athumani alikwenda Ngana akamweleza Tulinagwe yote. Jumatano mama huyo alikwenda kwa Zebedayo, ambaye alisema uwanja umeshaandikwa kwa jina la Muksini na saini ya mama mwenyewe ipo. Kutoka hapo alikwenda ufukweni kwa miguu. Uzio wa mabati ulikuwa umezunguka uwanja mzima. Getini alikuwapo mlinzi mgeni, aliyeletwa kutoka mjini.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mume wangu."

"Yuko chumba namba ngapi?"

Tulinagwe alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya msingi. Mlinzi aligeuka, akatazama, akamfungulia. Saa kumi na moja jioni mama huyo alitoka, na mlinzi akafunga geti kwa kufuli.